Watu Niliowajua Kichwa Chini

Nilistaafu mwezi uliopita. Wenzangu wa chumba cha upasuaji walinifanyia karamu ya soda na keki, wakanisifu kwa mambo mengi ambayo sikuyafanya. Kijana mmoja alisimama akasema Mzee Mwadime hajawahi kumsahau mgonjwa hata mmoja. Nilicheka mpaka soda ikanitokea puani. Nikaona afadhali niandike mwenyewe, kabla uongo huo haujakauka ukawa historia, jinsi nilivyokuwa mtu wa kusahau karibu kila mgonjwa, na jinsi jambo hilo lilivyokaribia kunikosesha mke.

Vyeo sitaviandika, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara wa siku hizo nikiutaja mtadhani nawatania. Nitaandika kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilishuka kutoka Ronge, kwenye ukungu na maharagwe, nikaja Voi kwenye vumbi jekundu. Nilipata kazi katika hospitali ndogo ya shamba moja la mkonge nje ya mji. Ilikuwa na wodi mbili za mabati, jiko, na chumba kimoja cha upasuaji ambacho ndicho pekee kilichokuwa na dari. Miezi ya kwanza niliosha sakafu na chupa. Kisha dresa mkuu, yaani mkuu wa sisi wasaidizi wa tiba, Bwana Athumani, akanichagua nifundishwe kazi ya kulaza watu usingizi.

“Kwa nini mimi?” nilimwuliza.

“Kwa sababu mbili, mwanangu. Mikono yako imetulia, na wewe si msemaji.”

La kwanza lilikuwa kweli.

Bwana Athumani alikuwa mtu wa Mombasa, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma aliyoivua tu akiingia kwenye upasuaji. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kanzu yake ya Ijumaa, na sisi tuliotoka milimani tulipozungumza mbele yake tulijisikia kama watu wanaotembea na viatu vya kuazima. Utani wake haukuonyeshwa na uso. Ulibainika baadaye, wewe ukiwa umeshalala kitandani, ndipo unagundua kwamba mchana ulichekwa.

Nyinyi mna mashine zenye mishale na taa. Sisi tulikuwa na kikapu kidogo cha waya, mfano wa chujio la chai, tunakifunika kwa shashi na kukiweka juu ya pua na mdomo wa mgonjwa. Mkono mmoja unadondosha etha, dawa ya usingizi, juu ya shashi, tone kwa tone. Mkono wa pili unainua taya ili ulimi usizibe njia ya pumzi. Sikio linasikiliza pumzi, na jicho linatazama rangi ya midomo. Etha inanuka tamu na inaingia kwenye nguo isitoke. Jumapili kanisani, aliyeketi nami kwenye benchi alikuwa wa kwanza kupiga miayo, na mhubiri alinichukia bila kujua sababu.

Lakini jambo kubwa katika kazi hiyo ni mahali unaposimama. Daktari anasimama ubavuni mwa mgonjwa. Wewe unasimama kichwani, nyuma ya utosi. Ukiinama kumtazama, unaona kidevu juu na paji la uso chini. Mchana kutwa watu wako wote wamekaa kichwa chini, na wao wakikutazama wanakuona hivyo hivyo.

Sikulitilia maanani hadi Jumamosi moja ambayo hapakuwa na upasuaji. Athumani aliniita. Nilikuta meza ya upasuaji na mabenchi mawili yamepangwa, na juu yake watu watatu wamelala chali, wamefunikwa shuka mpaka kidevuni na kofia nyeupe mpaka nyusi. Akanisimamisha upande wa vichwa.

“Watu wa humuhumu hospitalini,” akasema. “Wala nao chakula kila siku. Hebu nambie, huyu wa kwanza ni nani?”

Nikainama. Nikaona macho mawili, pua, mdomo. Kila kitu kilikuwepo, ila havikukutana kufanya mtu.

“Dobi,” nikasema.

“Dobi babako!” mdomo ukajibu. Alikuwa mpishi. Mpishi ambaye asubuhi ile ile alikuwa amenipakulia uji.

Wa pili nikasema ni mpishi, nikiwa nimesahau kwamba mpishi nimeshampata. Alikuwa askari wa lango. Wa tatu uso wake ulikuwa umekunjamana, pembe za mdomo zimeelekea chini kama za mtu anayelia. Nikamwonea huruma. “Pole, ndugu,” nikamwambia. Kumbe ni dobi, na alikuwa akicheka mpaka tumbo linamtikisika.

Athumani hakucheka. Akatoa birika, akalipindua kitako juu. “Hiki?” Birika. Akatoa kiatu, nyayo juu. Kiatu. Akageuza jembe, taa ya chemni, kikombe. Vyote nikavitaja bila kukosa.

“Waona?” akasema. “Kitu ukikipindua chabaki kitu. Uso ukiupindua, mwenyewe ahama. Basi ukiwa kichwani pa mtu usitafute uso, utadanganyika. Tafuta kitu kilichomo usoni. Kovu, jino, ndewe ya sikio. Na ukitaka kujua kama mtu acheka au aumia, usitazame mdomo. Tazama vidole.”

Nilijaribu kujizoeza. Nilipoenda nyumbani Ronge nililala kitandani kichwa kikining'inia hadi karibu sakafuni, nikamtazama mama akisonga ugali. Mama aligeuka, akaniona hivyo, akadondosha mwiko akawaita majirani. Nilipokaa vizuri kulikuwa na wanawake watano mlangoni, na mmoja alikuwa ameshaanza kulia.

Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nimelaza nusu ya Voi, na Voi ikaanza kunilalamikia. Nilikuwa nikipita sokoni, mwanamke anasimama na mkungu wa ndizi, ananitolea meno yote, “Dresa! Habari za siku nyingi!” nami namtazama kama mtu ninayemwona mara ya kwanza, kwa kuwa kweli ndivyo nilivyokuwa namwona. Wengine niliwapita bila kusimama. Walisema, “Alipokuwa ananishika taya aliniita mama. Leo hanijui.” Mwisho nikapewa jina: Bwana Kiburi.

Kulikuwa na fundi baiskeli mmoja, Mwakio, ambaye hakukubali. Alinisalimia mbele ya duka la Mhindi, akaona namkodolea macho, akakasirika. Akaweka pampu yake chini, akalala chali kwenye vumbi katikati ya watu.

“Sasa je?”

Nikazunguka mpaka kwenye utosi wake, nikainama. Uso ukafunguka kama mlango.

“Ah, Mwakio!” nikasema kwa furaha. “Ngiri yako inaendeleaje?”

Duka zima lilisikia. Tangu siku hiyo niliacha kuuliza habari za ngiri, ule ugonjwa wa kinena, hadharani, nanyi nawashauri hivyo hivyo. Lakini nilijifunza kwamba wale watu hawakuwa wamenitoka kichwani. Walikuwa wamehifadhiwa humo miguu juu.

Wakati huo nilikuwa nimempata Rahel. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza pale Voi, mzaliwa wa Mahoo, upande wa Taveta, na tulionana kwenye kwaya ya kanisa. Hakuwahi kuwa mgonjwa wangu. Nilimjua akiwa wima tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kwake sikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa Mahoo. Baba yake alikuwa amefariki, na maneno ya posa yalikuwa mikononi mwa mama yake, Naomi, na mdogo wake mama, Tabitha. Sikuwa nimemwona yeyote kati yao. Rahel aliniambia wazi kwamba Mama Mdogo Tabitha ana mtu wake, karani wa stesheni mwenye kalamu mbili mfukoni, na kwamba habari za Bwana Kiburi zimeshafika Mahoo kwa treni.

“Mama anasemaje?” niliuliza.

“Mama hasemi. Mama akikaa kimya ndipo watu hukimbia.”

Basi mambo yakiwa hivyo, siku moja nilirudi kutoka likizo ya Ronge nikakuta mgonjwa amelazwa tayari mezani, amefunikwa, kofia mpaka nyusi. Athumani ndiye aliyempokea jana yake. Alikuwa mama wa makamo aliyekuja kuondolewa uvimbe wa ukubwa wa chungwa chini ya mkono. Nilishusha kitambaa changu cha mdomoni ili anione, kama nilivyofundishwa, maana mtu hapaswi kulazwa usingizi na kitambaa.

“Usiogope, mama. Nipo hapa mpaka utakapoamka.”

“Siogopi,” akasema. “Naogopa kwamba nitaongea. Mimi nikilala huongea.”

“Ongea tu. Yanayosemwa hapa hayatoki mlangoni.” Hiyo ilikuwa sheria ya Athumani, tena kali kuliko zote: anachosema mtu akienda usingizini ni cha Mungu na cha etha.

Nikaweka kikapu, nikaanza kudondosha. Akaanza kuongea.

“Binti yangu anafundisha hapa hapa mjini. Sikumwambia kama nimekuja, atahangaika bure. Anatakwa na watu wawili, binti yangu. Mmoja karani. Dada yangu anampenda. Mimi yule karani… anacheka kama fisi, mwanangu. Fisi kabisa. Na anakula haraka. Huyo mwingine ni wa Ronge, ni dresa, sijui wa hospitali gani. Ningemtaka huyo. Lakini wanasema ana kiburi, hasalimu watu. Akija kwangu bila kunisalimia vizuri, namrudisha na mizigo yake. Na dada yangu…” Akataja jambo kuhusu dada yake na uji, ambalo sitaliandika hata sasa. Kisha akalala.

Matone ya etha yakaanza kumwagika ovyo juu ya shashi. Athumani, aliyekuwa akimpa Daktari vyombo, aliniangalia juu ya kitambaa chake.

“Wadondosha etha au wapanda mbegu?” akauliza. “Polepole.”

Upasuaji uliisha salama. Kesho yake alfajiri nilitumwa milimani kuchanja watoto, na niliporudi mama yule alikuwa ameshapanda treni ya Taveta. Kwa hiyo nilibaki na uso mmoja wa mama mkwe wangu mtarajiwa, kichwa chini, wenye kofia. Rahel sikumwambia neno. Nilikuwa nimejua siri nzima ya posa yangu na sikuwa na ruhusa ya kuitumia. Mtu akiwa na chakula mdomoni akaambiwa asimeze ndiye atanielewa.

Kabla sijafika Mahoo, kulitokea kisa ambacho nataka mkisome mara mbili, hata kama mengine mtayaruka.

Kilonzo, mkata mkonge, alilazwa apasuliwe ngiri. Jioni nilikwenda wodini nikamkagua mdomo, kazi ambayo msiwaachie wengine, maana jino linalolegea linaweza kudondoka kooni mtu akiwa usingizini. Nilikuta jino lake la mbele linacheza kama mlango wa choo. Nikamwambia asile wala kunywa chochote mpaka apasuliwe.

Asubuhi wabeba machela wakamleta. Nikasimama mahali pangu. “Jina?”

“Kilonzo.”

Sauti ilikuwa ndogo. Niliitazama sura nikaona macho, pua, mdomo, kama za siku zote. Daktari alikuwa ameshapaka dawa ya kuua vijidudu tumboni na alikuwa na haraka.

“Mwadime, tayari?”

“Bado kidogo, Daktari. Fungua mdomo, Kilonzo.”

Akafungua. Nikashika jino la mbele. Halikutikisika. Nikajaribu lile la pili yake, nikajaribu yote ya juu na ya chini. Yalikuwa imara kama mawe ya msingi.

“Jino lako limekwenda wapi?”

“Jino gani?”

“Lililokuwa linacheza jana.”

Akafikiri. “Limepona,” akasema.

Vidole vyake vilikuwa vimekamata shuka kama mtu aliye juu ya mti. Nikaondoka mahali pangu, nikazunguka meza mpaka ubavuni, nikamtazama akiwa sawasawa. Sikuwa nimemwona mtu yule maishani mwangu, ila mara moja, ameketi kwenye benchi la nje akingojea ndugu yake.

“Wewe si Kilonzo.”

“Ni mimi.”

“Wewe ni nani?”

“Mutua,” akasema, na machozi yakamtoka. “Binamu yake. Aliniambia nimshikie kitanda kidogo tu, nesi asione kipo wazi. Wakaja hawa na machela. Nikadhani wananipeleka kupimwa. Ningesema ukweli wangemfukuza kazi.”

“Ungepasuliwa!”

“Nilidhani mtaona hakuna ngiri, mtaniacha.”

Daktari aliweka kisu chini polepole, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya ndoo. Athumani alitoka nje kwa mwendo wake wa Ijumaa, akarudi amemshika Kilonzo sikio. Alikuwa amemkuta nyuma ya jiko na gunzi la mahindi mkononi na mashavu yamejaa. Alikuwa akitafuna upande mmoja kwa ajili ya lile jino.

Tulicheka baadaye, tena sana. Lakini si siku ile. Mzima angekatwa tumbo bure. Na huyo mwenye ngiri, kama angeletwa mwenyewe na tumbo lake la mahindi, etha ingemtapisha na yale mahindi yangeingia kwenye mapafu. Nilikuwa nimesimama kati ya watu wawili waliokaribia kufa, na uso nilioutazama haukuniambia lolote. Jino ndilo lililosema.

Tangu hapo nilikuwa na desturi, na Athumani akaifanya amri kwa wote: kabla hujashika chupa, zunguka. Nenda ubavuni, mtazame mtu uso wake ukiwa umesimama kama alivyoumbwa, mwite jina, kisha rudi kichwani. Wako waliosema ni kupoteza wakati. Athumani aliwapeleka kwenye benchi na shuka na mpishi.

Mavuno yalipokwisha nilipanda treni ya Taveta pamoja na mjomba wangu Mghanga, mzee wa kanisa, mtu wa heshima aliyevaa koti hata wakati wa joto. Tulibeba sukari, majani ya chai na blanketi zito. Njia nzima Mjomba alikuwa akinifundisha kukaa, kupokea maji, na kujibu. “Jambo moja tu,” alisema. “Kwa wakwe usifanye lolote ambalo hujaliona likifanywa na mtu mwingine.”

Mahoo ni migomba na mifereji ya maji, baridi yake ni ya kivuli si ya mlima. Tulikaribishwa uani. Rahel alikuwa jikoni na, kwa adabu, asingetoka mpaka aitwe. Mbele yetu, juu ya viti viwili vinavyofanana, waliketi wanawake wawili wanaofanana, vilemba vya rangi moja, mikono imekunjwa namna moja.

Mmoja wao akasema, “Karibuni. Tumesikia habari za huyu kijana. Tumesikia hasalimu watu, hata aliowashika kwa mikono yake. Basi hatutaanza na maneno marefu. Mkwe akimtaka binti, atamjua mama. Mmoja wetu hapa ni mama yake Rahel. Aje amsalimie.”

Mjomba Mghanga akatabasamu kwa kujiamini. Alidhani ninawajua.

Niliwatazama. Sauti haikunisaidia, maana aliyeongea ni mmoja tu, na yule wa mezani aliongea akiwa nusu usingizini. Nilitafuta kovu, jino, ndewe. Vilemba vilifunika masikio na midomo ilikuwa imefungwa. Uvimbe ulikuwa chini ya mkono, mahali ambapo mkwe hatazami. Nilipiga hatua kumwelekea wa kulia, nikaona jicho la wa kushoto limecheka. Nikapiga hatua kumwelekea wa kushoto, wa kulia akakohoa. Nikikosea narudishwa na mizigo, nilikuwa nimeambiwa hivyo na mwenyewe.

Ndipo nikamkumbuka Mwakio na vumbi la mbele ya duka. Kuwaomba wakwe walale chali uani isingewezekana. Lakini kulikuwa na njia nyingine ya kupindua dunia.

Niliachia kofia yangu ikaanguka. Nikageuka kuiokota. Nikawapa wakwe zangu mgongo, nikatanua miguu, nikainama mpaka kichwa kikawa kati ya magoti, nikawatazama kupitia katikati ya miguu yangu.

Nilisikia Mjomba Mghanga akivuta pumzi kama mtu aliyetumbukia kwenye maji baridi. “Mwadime,” akanong'ona. “Mwadime, jamani. Koti langu limekuja hapa kuona nini?”

Lakini mimi nilikuwa nimeshampata. Yule wa kushoto alikuwa mgeni kabisa. Yule wa kulia, kichwa chini, migomba ikining'inia kutoka mbinguni nyuma yake, alikuwa yule mama wa mezani, kila kitu mahali pake, kana kwamba anataka kuniambia kuhusu fisi.

“Shikamoo, mama!” nikasema kwa sauti kutoka pale chini. “Mkono umepona?”

Tabitha, yule wa kushoto, alikuwa amesimama ameshika kiuno. “Huyu anatuonyesha matako! Mzee, kwenu Ronge ndivyo mnavyoposa?”

Nilianza kuinuka.

“Usiinuke!” mama yake Rahel akapiga kelele. “Kaa hivyo hivyo!” Alikuja mbio, akainama kidogo, akanitazama uso wangu uliokuwa umejaa damu kama nyanya. “Ndiye! Tabitha, ndiye yule! Yale macho! Ndiye aliyenishika taya kule Voi, akaniita mama!” Akanipiga begani kwa furaha, nikaangukia kofia.

Nilipoinuka na kujipangusa, alinitazama tena akiwa wima na furaha ikapungua kidogo. “Hapa tena simjui,” akasema kwa mshangao. Nikamweleza, mbele ya wote, kuhusu mahali anaposimama mtu wa dawa ya usingizi, na mpishi, na soko, na jina la Kiburi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha kitu kingine kikamjia usoni.

“Siku ile niliongea?”

“Uliongea, mama.”

“Nilisema nini?”

Tabitha akasogea. “Ndiyo, alisema nini? Alinitaja? Alisema kuhusu karani?”

Wote walinitazama, na hata jikoni sufuria ziliacha kulia. Nilijua ningeweza kuimaliza ile posa kwa neno moja. Nilijua pia nani angesimama nyuma yangu, mwembamba, na kofia ya kufuma, na ile sheria yake.

“Mama Mdogo,” nikamwambia Tabitha, “mtu akienda usingizini, masikio yangu huziba. Ni ile etha.”

“Hata kidogo husikii?”

“Hata kidogo.”

Mama yake Rahel alirudi kwenye kiti chake, akaketi, akapanga kanga yake vizuri. “Tabitha,” akasema, “wewe nenda kalete chai. Mtu anayenyamaza namna hii si mwenye kiburi. Na yule karani wako, sasa nikuambie nikiwa macho, anacheka kama fisi.”

Tabitha alilipokea vibaya siku ile, ila kwenye harusi ndiye aliyecheza kupita wote. Habari za uji hajazijua.

Katika treni ya kurudi Mjomba Mghanga alipangusa koti lake hadi milima ikaanza kuonekana. Hatimaye akasema, “Nimeposesha vijana saba. Mara zote mimi ndiye niliyeongea. Leo aliyeongea sijui nimtaje vipi mbele ya wazee.”

“Sema tulisalimiana vizuri, Mjomba.”

“Nitasema hivyo,” akajibu. “Na Mungu anisamehe.”

Rahel alirudi Voi wiki iliyofuata shule zilipofunguliwa. Nilimngojea stesheni. Alishuka na kikapu cha ndizi, akanitazama kwanza kwa muda mrefu, midomo ikimchezacheza.

“Mama amekubali,” akasema. “Ila anasema kanisani uingie umesimama.”

Niliingia nimesimama.